Miaka Minne ya Shahada kwa Masafa: Nilichokilipia na Nilichokipata

Mwezi Novemba 2020 nililipa awamu ya kwanza ya ada ya shahada ya ununuzi na ugavi katika chuo kinachofundisha kwa masafa, nikiwa mtunza stoo wilayani Lushoto, mwenye stashahada, mke na watoto wawili, na mwishoni mwa mwaka 2024 nilivaa joho. Jina la chuo nitaliacha, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si mazuri na sina nia ya kumharibia mtu biashara. Huduma yenyewe, hata hivyo, nitaieleza kama nilivyoipata, kwa sababu katika miaka yote hiyo minne sikukutana na mtu, awe mkuu wangu wa kazi, shemeji yangu au jirani, aliyeielewa kabla sijamweleza. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku ninalipa nilidhani ninanunua video za mihadhara pamoja na uhuru wa kuzitazama ninapopenda.

Elimu masafa, kwa maana yake halisi, ni mpango ambao mwalimu na mwanafunzi wametenganishwa na mahali, na mara nyingi na wakati pia, kisha taasisi ikabeba jukumu la kuliziba pengo hilo: iandae maandishi yanayofundisha bila mwalimu kusimama mbele, ipokee kazi za mwanafunzi na kumrudishia zikiwa zimesahihishwa na kuelezwa, impe mtu wa kumuuliza anapokwama, na mwishoni impime chini ya usimamizi. Neno zito hapo ni jukumu. Mtu anayejifunza kushona kwa kutazama video za bure kwenye simu yuko mbali na anayemfundisha, na huenda akawa fundi hodari kuliko waliopita chuoni, lakini siku akishindwa kukata kola hakuna anayewajibika kumwambia alikosea wapi. Huyo anajifunza mwenyewe. Ni jambo jema, ila si elimu masafa, na haifai kuilinganisha bei yake, ambayo ni bure, na ada ya chuo.

Tafsiri hii ndiyo niliyoitumia baadaye kukipima chuo changu, na ndiyo iliyonifanya nikisifu mahali ambapo wenzangu walilalamika na nilalamike mahali ambapo wao hawakuona tatizo.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kudhani kwamba masafa ni jina jingine la mtandao. Baba yangu mkubwa alicheka nilipomwambia ninasoma kwa njia ya kisasa, kwa kuwa yeye alisoma masomo ya sekondari kwa posta, vitini vikimfikia ndani ya bahasha za kaki, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambayo imekuwa ikitoa masomo ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Na hata hao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alikuwa akifundisha hati mkato kwa kadi za posta: mwanafunzi ananakili aya za Biblia kwa hati mkato, anazituma, na anarudishiwa zikiwa zimesahihishwa. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilijulikana zaidi kwa vipindi vya televisheni na redio ingawa sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa katika vitabu vilivyotumwa kwa posta.

Hapa nyumbani mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Wanaoikumbuka hukumbuka redio. Wanachokisahau ni kwamba kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kwamba baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakainuka na kwenda kuchimba vyoo. Redio peke yake ingekuwa imepiga kelele tu na kunyamaza. Chombo kinachobeba somo, kiwe kadi ya posta, redio au simu janja, hakijawahi kuwa ndicho elimu masafa yenyewe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya yaliyotokea mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Walimu waliokuwa hawajawahi kufundisha kwa masafa walilazimika kutuma picha za ubao na sauti kwenye makundi ya WhatsApp, wazazi wakahangaika na bando, watoto wakapotea, na mwisho wa yote watu wengi wakahitimisha kwamba elimu masafa imejaribiwa na imeshindwa. Kilichojaribiwa kilikuwa uokozi wa dharura. Kitini kimoja kizuri cha masafa huandikwa kwa miezi, hupitiwa na mhariri na mtaalamu mwingine wa somo, na huwekewa maswali kila baada ya kurasa chache ili msomaji ajue kama amefuata au amepotea. Kukipima kwa sauti zilizorekodiwa usiku mmoja kabla ya kipindi ni sawa na kuihukumu nyumba kwa kuangalia hema la wakimbizi.

Chuo changu kilikuwa na mfumo wa masomo uliojengwa juu ya Moodle, ambao nadhani nusu ya wanafunzi wa Afrika Mashariki wameugusa bila kujua unaitwaje. Aliyeutengeneza, Martin Dougiamas, alikulia katika maeneo ya mbali ya Australia Magharibi na utotoni alisoma kwa redio ya masafa mafupi. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini mfumo ule, pamoja na ubaya wa sura yake, una majukwaa ya majadiliano na nafasi ya kurudisha kazi kila unapogeuka. Ni mfumo uliotengenezwa na mtu anayejua upweke wa kusoma mbali. Ulifunguka vizuri hata kwenye simu yenye mtandao dhaifu, ingawa siku ya mwisho ya kupakia kazi ulikuwa ukikwama kuanzia saa mbili usiku. Nilijifunza kupakia siku mbili kabla, nikawa sina ugomvi nao tena.

Sasa niseme juu ya wakati, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoumia. Watu husikia kwamba utasoma kwa nafasi yako, na wao husikia kwamba utasoma kidogo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza haipungui krediti 360, yaani saa 3,600, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayesoma akiwa nyumbani kwake anapunguziwa. Ukizigawanya saa hizo kwa miaka minne, kama nilivyofanya mimi, unapata takriban saa 17 kwa wiki, kila wiki, ikiwemo ya Idi na ya Krismasi. Nilizipata kwa kuamka saa kumi alfajiri, Lushoto kukiwa na baridi ya kuingia mifupani, nikikaa jikoni kwa sababu ndiko kulikobaki na joto la moto wa jana. Mke wangu alikuwa akisema nyumba ina mtu wa tatu anayekula bila kuonekana. Mwaka wa kwanza tulianza kumi na wanne katika kozi yetu kwenye kituo chetu. Tuliovaa joho pamoja tulikuwa watano, na miongoni mwa walioacha sikumbuki hata mmoja aliyeshindwa kwa uzito wa akili. Walidhani wamenunua uhuru.

Kituo cha mitihani kilikuwa mjini Tanga, katika shule ya sekondari ambayo chuo kilikuwa kikiikodi wakati wa likizo. Nilikuwa nikishuka Mombo siku moja kabla na kulala gesti, maana basi la asubuhi kutoka milimani halina uhakika, na mtihani ulianza saa tatu kamili. Ningependa wale wanaodhani mitihani ya masafa hufanyiwa sebuleni, kitabu kikiwa pajani, wangeuona mlango ule. Kitambulisho cha chuo na cha taifa vyote viwili mkononi. Simu zinazimwa na kuachwa kwenye mfuko wa plastiki wenye namba yako. Saa za mkononi zinavuliwa. Msimamizi mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, alikuwa akiigeuza kalkuleta ya kila mtu na kufungua mfuniko wa betri. Nyuma yangu mara nyingi alikaa askari magereza, mbele yangu muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, na muhula mmoja mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi minane aliomba kiti chenye mgongo, akapewa. Usimamizi wa mitihani ni sehemu ya huduma ninayoipa alama za juu bila kusita.

Kinachonijia kwanza kila nikiulizwa kama kweli kuna mwalimu katika masomo ya masafa ni kazi moja ya mwaka wa pili. Tulipewa asaimenti ya kukokotoa kiasi cha kuagiza ambacho gharama zake ni nafuu kuliko vyote. Mahitaji ya mwaka ni mifuko 1,500 ya saruji, kila oda inagharimu shilingi 36,000, na kuutunza mfuko mmoja ni shilingi 100 kwa mwezi. Nilifuata kanuni ya kitini, nikapata mifuko 1,039, nikaipamba kazi yangu kwa mistari miwili chini ya jibu, nikapakia. Baada ya siku kumi na nane ilirudi. Msahihishaji, ambaye sikuwahi kumwona uso wala kuisikia sauti yake, alikuwa ameandika pembeni: hesabu imefuata kanuni, lakini mahitaji umeyachukua ya mwaka na gharama ya kutunza umeichukua ya mwezi. Kisha, chini yake: umejitambulisha kuwa ni mtunza stoo, stoo yako inaingia mifuko mingapi, na kwa hali ya hewa ya kwenu saruji hukaa muda gani kabla haijaganda?

Nilicheka peke yangu pale jikoni. Mifuko 1,039 ni matumizi ya zaidi ya miezi minane, na katika ukungu wa Lushoto sijawahi kuuona mfuko wa saruji ukifikisha miezi minne bila kuwa jiwe. Jibu sahihi lilikuwa mifuko 300. Nilikuwa nimekaa miaka sita nikihesabu mifuko ileile kazini na sikuwa nimeiona ndani ya swali, mpaka mtu aliye mbali aliponiuliza swali ambalo mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili ukumbini asingepata nafasi ya kuniuliza. Wataalamu wa elimu masafa, akiwemo Michael Moore, hushikilia kwamba umbali wenye madhara si wa kilomita bali ni ule wa kutoelewana kati ya anayefundisha na anayefundishwa, nao hupungua kadiri mazungumzo yanavyoongezeka. Sikuhitaji kusoma nadharia hiyo. Nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa pembeni mwa ukurasa.

Kwa sababu hiyohiyo ninakilaumu chuo changu kwa ukali zaidi pale kilipokata mazungumzo. Katika kozi mbili za mwaka wa tatu kazi zilirudi baada ya mtihani wa mwisho kufanyika, zikiwa na alama tu, bila neno. Katika moja nilipata 11 kati ya 20, na mpaka leo sijui zile tisa zilikwenda wapi. Wenzangu hawakuona tatizo, maana alama zilitosha kutupitisha, na yule aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, alilaumu bahati yake. Mimi nililiona kuwa ni sawa na kulipia mabasi mawili na kupanda moja. Kitini bila marejesho ni kitabu, na kitabu ningekinunua kwa bei ndogo kuliko ada ya muhula.

Vitini vyenyewe havikulingana. Cha takwimu za biashara kilikuwa kazi ya mtu aliyewahi kukaa na mwanafunzi anayelia. Mifano ilianza na mauzo ya nyanya sokoni na kupanda taratibu. Cha sheria ya ununuzi wa umma kilikuwa kimeandikwa vizuri, tatizo likiwa kwamba mwaka 2024 bado kilinifundisha Sheria ya mwaka 2011 kana kwamba ile ya mwaka 2023 haijapitishwa, na kikanieleza kwa kurasa kumi na moja jinsi ya kutumia TANePS, mfumo wa zabuni za serikali kwa mtandao, wakati ofisini zabuni zilikuwa zimekwishahamia NeST, mfumo mpya uliochukua nafasi yake. Mhadhiri alituomba radhi katika kipindi cha ana kwa ana na kutupa marekebisho kwa mdomo. Darasani, mhadhara uliopitwa na wakati hurekebishwa kesho yake asubuhi. Kitini kilichochapwa na kusambazwa hakirekebishiki kwa urahisi, na hiyo ni kasoro ya asili ya njia hii ambayo chuo kinapaswa kuipangia bajeti.

Vipindi vya ana kwa ana vilikuwa siku tatu kila muhula, na vilinisaidia kidogo kuliko nilivyotarajia, hasa kwa sababu wengi walifika bila kufungua kitini, hivyo mhadhiri akalazimika kusoma upya kilichoandikwa. Mratibu wa kituo alikuwa hodari. Namba ya simu ya makao makuu haikuwa ikipokewa. Malipo kwa kontrol namba yalionekana kwenye mfumo siku hiyohiyo. Mengine ya kiofisi hayana haja ya kurefushwa.

Limebaki suala la heshima ya cheti, ambalo shemeji yangu analishikilia mpaka leo. Yeye anaamini masafa ni njia ya nyuma kwa waliofeli kidato cha sita. Hapo anachanganya mambo mawili. Elimu huria ni sera ya mlango: nani anaruhusiwa kuingia, na kwa sifa zipi. Elimu masafa ni namna ya kufundisha baada ya mtu kuingia. Chuo kinaweza kufundisha kwa masafa huku kikidai sifa zilezile za udahili, kama changu kilivyonidai stashahada yenye wastani uliotajwa. Na darasa la kawaida linaweza kuwa huria kabisa. Pale mambo hayo mawili yanapokutana, kama katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 chini ya Makamu Mkuu wa kwanza Profesa Geoffrey Mmari, ambacho mimi sikusoma, mlango ukiwa mpana haina maana kwamba njia ya kutokea nayo ni pana. Nelson Mandela aliipata shahada yake ya sheria kupitia UNISA mwaka 1989 akiwa bado kifungoni, na sijasikia mtu aliyeiita sheria ya nusu. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, kikiwa na makao Konza. Cheti changu mimi hakitaji popote kwamba nilisomea jikoni, na kitengo cha utumishi kilipokihakiki kiliuliza kama chuo kinatambulika, basi.

Kuhusu gharama, ada ilikuwa takriban nusu ya ile ambayo mdogo wangu alilipiwa katika chuo cha bweni, lakini anayelinganisha ada kwa ada anajidanganya. Nauli, gesti ya siku tano hadi saba kila msimu wa mitihani, bando la shilingi 10,000 kwa mwezi, na kompyuta ya mtumba niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba vilikula sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Faida halisi ya kifedha ilikuwa mshahara: sikukosa hata wa mwezi mmoja, na sikuhitaji ruhusa ya masomo ambayo kwa kada yangu huchukua miaka kuipata.

Kama ningetakiwa kukipa chuo alama kama kilivyokuwa kikinipa mimi, ningekipa 13 kati ya 20, na tofauti na kilivyonifanyia mwaka wa tatu, ningeandika pembeni: saba zimekatwa kwa kazi zilizorudi bila maelezo na kwa kitini cha sheria. Anayefikiria kujiunga na chuo chochote cha masafa asianze kwa kuuliza kama kuna programu ya simu au video nzuri. Aulize kazi hurudi baada ya siku ngapi na nani anayezisahihisha, kitini cha kozi anayoitaka kilipitiwa mwaka gani, na kituo cha mitihani kiko umbali gani kutoka kitandani pake.

Mwezi uliopita nilianza kutafuta nafasi ya shahada ya uzamili, kwa masafa vilevile, katika chuo kingine. Ofisa udahili alianza kunieleza kuhusu mfumo wao mpya wa video, nikamkatiza kwa adabu na kumuuliza kazi hurudi lini. Alinyamaza kidogo, nikasikia akigeuza karatasi. Akasema siku 21, isipokuwa somo la mbinu za utafiti, ambalo wasahihishaji ni wachache na huweza kufika 35. Nikamwomba kontrol namba.